Tumbo la mwenye bulimia si tumbo la mlafi

Tangu sindano za kupunguza uzito zitoke katika kliniki za kisukari na kuingia katika maongezi ya kila mtu, kumezuka dai linalosambaa haraka kuliko linavyochunguzwa: kwamba dawa hizi ni tiba ya bulimia. Semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari cha aina ya pili na mwaka 2021 kwa kupunguza uzito, inasifiwa na watumiaji wake kwa kunyamazisha kile wanachokiita kelele za chakula kichwani. Kutoka hapo watu wanajenga mlolongo mfupi. Mwenye bulimia hufakamia chakula asiweze kujizuia, kisha hukitapika kwa hofu ya kunenepa. Basi mzimie hamu, naye hatafakamia. Asipofakamia hatakuwa na cha kutapika. Na ugonjwa utakuwa umeishia hapo.

Mlolongo huo unavutia kwa sababu kila kiungo kinaonekana kushikana na mwenzake. Tatizo liko kwenye kiungo cha kwanza, kinachouchukulia ugonjwa huu kuwa ni hamu iliyovuka mpaka. Ukiifuata njia ya chakula kuanzia mdomoni hadi mwisho wa utumbo mpana wa mtu aliyeishi na bulimia kwa miaka, hukuti tumbo la mlafi. Unakuta tumbo lililojeruhiwa, lililopunguzwa mwendo, lenye ishara za shibe zinazofika zikiwa zimechelewa na dhaifu. Zaidi ya hapo, majeraha hayo hayakai kimya yakisubiri kutibiwa. Yenyewe humrudisha mgonjwa kwenye mzunguko uleule. Dawa ambayo moja ya kazi zake ni kulichelewesha tumbo kumwaga chakula inaingia mahali ambapo ucheleweshaji tayari ni sehemu ya ugonjwa, na jambo hilo halisemwi katika sifa zote ninazozisoma.

Bulimia ilipata jina lake la kitabibu mwaka 1979, pale daktari wa magonjwa ya akili Gerald Russell, aliyefanya kazi London, alipoeleza wagonjwa 30 waliokuwa wakifakamia chakula kisha wakijitapisha au kutumia dawa za kuharisha, huku wakiwa na hofu kuu ya kunenepa. Hadi leo makovu kwenye vifundo vya vidole yanayotokana na kujitapisha huitwa alama ya Russell. Mambo mawili katika historia hiyo fupi yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba tangu mwanzo ugonjwa huu ulitambuliwa kwa hofu na tabia, wala si kwa uzito. Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida au zaidi, ndiyo maana hawatiliwi shaka. La pili ni kwamba daktari wa akili ndiye aliyelazimika kutazama mikono. Mwili ulikuwa ukisema kitu ambacho kinywa hakikusema.

Tuanzie kinywani, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi ulipo wazi zaidi. Asidi ya tumboni ni kali kiasi cha kuyeyusha enameli, na inapopanda mara kwa mara hupiga upande wa nyuma wa meno ya mbele ya juu, yale yanayotazamana na ulimi. Mtu akicheka huoni kitu, ila daktari wa meno anayetumia kioo chake huona sehemu iliyolainishwa na kukonda, wakati mwingine hadi kukaribia kiini cha jino. Wengi huharakisha kupiga mswaki baada ya kutapika, wakidhani wanayaokoa meno, kumbe wanaisugua enameli ikiwa bado imelainishwa na asidi. Kusukutua kwa maji na kusubiri ni salama zaidi. Kisha kuna tezi za mate zilizo mbele ya masikio na kuelekea kwenye taya. Hizi huvimba pande zote mbili, bila maumivu, hata uso ukaonekana kama wa mtu mwenye matubwitubwi asiyekuwa na homa. Nitazirudia tezi hizi, kwa sababu zinashika nafasi kubwa katika hadithi hii kuliko udogo wake.

Kwenye umio hali ni ya kiungulia kisichokwisha, vidonda, sauti ya kukwaruza na maumivu wakati wa kumeza. Hatari za ghafla zilijulikana kabla bulimia haijapewa jina. Mwaka 1724 tabibu Mholanzi Herman Boerhaave aliandika juu ya admirali aliyekula sana, akanywa dawa ya kutapisha, na umio wake ukapasuka kabisa, mgonjwa hakupona. Mwaka 1929 Mallory na Weiss walieleza mipasuko midogo pale umio unapoungana na tumbo, inayotoa damu baada ya matapishi ya nguvu. Mipasuko hiyo midogo mara nyingi hupona yenyewe. Mpasuko kamili ni nadra, lakini hauna muda wa kusubiri: maumivu makali ya kifua baada ya kutapika, au damu katika matapishi, ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Tumbo lenyewe ndilo kiini cha hoja yangu. Katika hali ya kawaida, chakula kinaposukumwa taratibu kutoka tumboni kuingia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mafuta na protini zake huamsha homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo huuambia ubongo kwamba imetosha. Kwa mwenye bulimia mambo mawili huharibika pamoja. Tumbo lililozoea kujazwa kupita kiasi hutanuka, hivyo huhitaji chakula kingi zaidi ndipo lihisi limejaa, na katika wagonjwa wengi mwendo wa kumwaga chakula hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 uliwapa wanawake wenye bulimia mlo sawa na ule waliopewa wanawake wenye afya. Homoni hiyo ilipanda kidogo mno kwa wagonjwa, nao walisema hawajisikii kushiba kama wenzao. Hebu fikiria maana yake. Mtu huyu anapofakamia, breki yake inachelewa kushika. Anapojaribu kula mlo wa kawaida kama watu wengine, chakula kinakaa tumboni kwa saa nyingi, tumbo linajaa gesi na kuuma, na hisia hiyo ndiyo hasa anayoiogopa kuliko zote. Kwa mwili wake, shibe huja ama ikiwa imechelewa ama ikiwa na sura ya adhabu. Kumwita mtu kama huyo mlafi ni kumdhulumu.

Upande wa chini wa mfumo, dawa za kuharisha zina uongo wake. Hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, ilhali sehemu kubwa ya nishati ya chakula huwa imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mwaka 1983 watafiti walipima jambo hili na kukuta kwamba hata kuhara kulikotoa lita 4 hadi 6 za majimaji kulipunguza nishati iliyofyonzwa kwa takriban asilimia 12 tu. Kinachopotea ni maji na chumvi za mwili. Kupungua uzito anakokuona mtu kwenye mizani asubuhi ni kukauka kwa mwili, na uzito huo utarudi kila akinywa maji. Wakati huohuo utumbo unaozoeshwa kusukumwa kwa nguvu hulegea, haja kubwa hugoma, bawasiri hujitokeza, na kipimo cha dawa hupandishwa ili kupata kile ambacho zamani kilipatikana kwa kidogo.

Potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo za mwili, inaunganisha vipande hivi vyote. Anayetapika hupoteza maji na asidi. Mwili unapohisi kukauka hutoa homoni ya aldosteroni inayoyashikilia maji na chumvi, lakini kwa gharama ya kuimwaga potasiamu kupitia mkojo. Wengi hudhani potasiamu hutoka na matapishi yenyewe, kumbe sehemu kubwa hupotelea kwenye figo. Kiwango kikishuka chini ya milimoli 3.5 kwa lita, misuli huanza kulalamika, na utumbo nao ni msuli. Mwendo wake unazidi kuwa mzito, choo kinazidi kufunga, mgonjwa anaongeza dawa ya kuharisha, na potasiamu inashuka tena. Moyo pia ni msuli. Mapigo yanaweza kuvurugika kwa mtu ambaye jana alionekana mzima, na hapo ndipo bulimia inapoua bila kutoa taarifa.

Sasa tufike kwenye wiki ambayo watu wachache huizungumzia: wiki ya kuacha. Mgonjwa ameamua, labda kwa msaada wa daktari, labda peke yake usiku akiwa amechoka, kwamba hatatapika tena. Siku ya tatu au ya nne tezi za mate, ambazo nimesema nitazirudia, mara nyingi huvimba zaidi kuliko zilivyokuwa wakati wa ugonjwa. Aldosteroni haijapata habari kwamba vita imekwisha, inaendelea kushikilia maji, na miguu na uso hujaa. Tumbo bado ni zito, kwa hiyo baada ya mlo mdogo linatokeza mbele. Utumbo mpana uliozoea kusukumwa hauna haraka ya kufanya kazi wenyewe. Kwa maneno mengine, mtu ambaye maisha yake yameendeshwa na hofu ya kunenepa anaamka, anajitazama kwenye kioo, na anaona uso mnene, miguu iliyojaa na tumbo lililotuna, siku chache tu baada ya kufanya jambo gumu na sahihi kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Hakuna mafuta hata kidogo katika mabadiliko hayo. Ni maji, ni tezi, ni chakula kilichochelewa. Lakini kama hakuna aliyemwambia mapema, mwili wake umemthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Nadhani watu wengi wanaolaumiwa kwa kurudia ugonjwa walirudia katika siku hizo, wakiwa wanaitikia kioo kilichowadanganya.

Nikirudi kwenye sindano, sitaki kuwabeza wanaozitetea. Wana hoja. Kwanza, kama nilivyoeleza, ishara za shibe za mwenye bulimia kweli zimeharibika, na dawa inayoiga homoni ya utumbo inayoleta shibe si wazo la kipuuzi kibiolojia. Pili, zipo tafiti ndogo za muda mfupi zilizoonyesha kwamba watu wenye tatizo la kufakamia chakula, wasiojitapisha, walifakamia kwa nadra zaidi wakitumia dawa za kundi hili. Tatu, wapo watu wanaosimulia nafuu ya dhati, na maumivu ya mtu aliyepumua baada ya miaka mingi si kitu cha kukipuuza. Inawezekana siku moja tafiti za kutosha zitaonyesha kundi la wagonjwa wanaofaidika, chini ya uangalizi wa karibu. Lakini kufakamia bila kujitapisha si bulimia. Umio wa asiyejitapisha haujachomwa na asidi inayopanda, potasiamu yake haijayumba, na hana mkono uliokwisha kujifunza kwamba kila hisia ya kujaa ina njia ya haraka ya kuondolewa. Hadi sasa hakuna dawa ya kundi hili iliyoidhinishwa kutibu bulimia.

Kinachonitia shaka zaidi ni jinsi dawa inavyokutana na tumbo nililolieleza. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo ni madhara ya kawaida ya semaglutide, na maelezo yake yanaonya kuhusu kukauka kwa mwili na figo kuumia. Kwa mtu mwingine hizo ni adha za wiki za mwanzo. Kwa mwenye bulimia ni kumrahisishia kitendo kilekile anachopigana nacho, safari hii akiwa na kisingizio kinachokubalika mbele ya watu: ni dawa tu. Kujaa kwa tumbo ambako dawa inakuleta kama faida, kwake ni kengele ya hatari. Kuna pia mtego wa kimaabara. Dawa hizi zina onyo la kongosho kuvimba na kuuma, na dalili mojawapo inayotafutwa ni kupanda kwa kimeng'enya cha amilase katika damu. Kwa mwenye bulimia amilase inaweza kupanda kwa sababu ya tezi za mate zilizovimba, kongosho likiwa zima kabisa. Daktari asiyejua siri ya mgonjwa wake atasoma karatasi ile vibaya. Kupima lipase, kimeng'enya kingine cha kongosho, husaidia kutofautisha, lakini atakayekumbuka kuipima kwa sababu hiyo ni yule aliyeuliza swali kabla.

Halafu kuna matibabu yenyewe. Tiba yenye ushahidi mzito zaidi kwa bulimia ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia, na hatua yake ya mwanzo ni ya kushangaza kwa wepesi wake: kula kwa ratiba, milo mitatu na vitafunio katikati, bila kupitisha saa nyingi tumbo likiwa tupu, hata kama njaa haipo. Watu huiona kama nidhamu ya akili. Mimi naiona vilevile kama tiba ya tumbo, kwa maana chakula cha kawaida kinachoingia kwa saa zinazotabirika ndicho kinachorejesha mwendo wa kumwaga chakula na kuufundisha utumbo kazi yake upya. Inavunja pia chanzo cha kufakamia, ambacho mara nyingi ni kujinyima. Katika jaribio la njaa la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya ya mwili na akili walipunguziwa chakula kwa wiki 24. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kwa kiasi cha kutisha na kushindwa kujizuia. Hawakuwa walafi kabla ya hapo. Njaa ndiyo iliyowafundisha. Sasa mpe mtu anayetakiwa kula kila baada ya saa tatu au nne dawa inayomwondolea kabisa nia ya kula, na umwambie ni sehemu ya kupona kwake. Atapungua, atasifiwa, na kujinyima ambako ndiko mzizi wa ugonjwa kutaitwa mafanikio. Na siku sindano itakapokoma, atakuwa na njaa ya miezi na tumbo ambalo halikufundishwa chochote.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, ni ile inayosema: uzito wake ni wa kawaida, vipimo vya kawaida viko sawa, kwa hiyo mwili haujadhurika. Mizani haipimi enameli. Haipimi umio wala mwendo wa tumbo, na potasiamu inaweza kuwa sawa Jumatatu ikawa hatarini Ijumaa. Aliyepoteza maji leo na kuyashikilia kesho anaweza kuonyesha uzito uleule mwezi mzima huku kila kiungo nilichokitaja kikiharibika. Fomu ya kuomba sindano inayouliza urefu na uzito pekee, basi, imeuliza vitu viwili ambavyo kwa ugonjwa huu havisemi karibu lolote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamwekea mgonjwa mzigo wote, na hapa naona haitoshi, kwa kuwa mwenye bulimia anakuwa ameonyesha maradhi yake katika vyumba vingi vya daktari bila mtu kuyasoma. Mdogo wangu alitibiwa kiungulia kwa karibu miaka miwili. Alipewa dawa za kupunguza asidi, akabadilishiwa, akashauriwa asilale mapema baada ya kula. Alikwenda pia kwa tatizo la choo, akaandikiwa dawa nyingine ya kuharisha. Aliyeuliza ni daktari wa meno. Aligeuza kioo chake nyuma ya meno ya juu, akanyamaza kidogo, akavua barakoa, kisha akamuuliza taratibu kama huwa anatapika. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba alijibu kabla hata sentensi haijaisha.

Kama kuna cha kudai katika mjadala huu wa sindano, ni kwamba swali lile lihamie mbele ya dawa. Anayeandika sindano aulize kuhusu kutapika na dawa za kuharisha kwa sauti ileile anayoulizia shinikizo la damu, aangalie potasiamu, na atazame mashavu na vifundo vya vidole. Anayetibu kiungulia kisichopona kwa kijana aulize. Na yule anayemwambia mgonjwa aache, amweleze palepale kuhusu siku ya tatu na ya nne, miguu itakavyojaa, tumbo litakavyolalamika kwa wiki kadhaa kabla ya kuzoea, na kwamba asiache dawa za kuharisha bila uangalizi wa daktari kama alikuwa akizitumia kwa wingi.

Mdogo wangu alivimba mashavu siku ya nne. Alikuwa ameshaambiwa, kwa hiyo alinipigia simu kunipa habari hiyo kama mtu anayetaja mvua iliyotabiriwa. Uvimbe ulikaa zaidi ya mwezi, ukapungua. Tumbo lilichukua muda mrefu zaidi, lakini siku hizi anakula chakula cha jioni na kulala. Meno yake mawili ya mbele yamevikwa kofia za kauri.